Kodi ya Mapato Wanandoa Wanapotengana: Deni Humfuata Nani

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, humtoza kodi mtu mmoja mmoja kwa jina lake na kwa Namba yake ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN. Haitozi kaya, wala haitozi ndoa. Mume ana hesabu yake na mke ana yake, hata kama wanaishi chini ya paa moja na kula katika chungu kimoja. Kwa sababu hiyo, ndoa inapovunjika hakuna kinachobadilika chenyewe katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Deni lililokuwa kwa jina la mume hubaki kwa jina la mume. Biashara iliyosajiliwa kwa jina la mke huendelea kuhesabiwa kuwa yake, ingawa amekwisha kurudi kwa wazazi wake na hajasimama nyuma ya kaunta ya duka hilo kwa mwaka mzima.

Makala haya yanaeleza namna sheria zinavyoligawa jukumu hilo, hatua ambazo kila upande unapaswa kuzichukua, na chombo kinachostahili kupelekewa kila aina ya mgogoro. Ili maelezo yaeleweke, tutatumia mfano wa kubuni wa mume na mke wakazi wa Kata ya Kansay, Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Wilaya hiyo ina wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi, ina wafugaji, na ina wengi wanaopata ajira katika hoteli na kambi za watalii wanaokwenda Ngorongoro. Si ajabu, basi, familia moja kuwa na shamba, ng'ombe, duka dogo na mshahara kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa kwa jina la yule aliyekuwapo siku karatasi zilipojazwa.

Tuseme mume katika mfano wetu aliajiriwa hotelini Karatu mjini. Mke alibaki kijijini, akafungua duka la bidhaa mchanganyiko. TIN na leseni ya biashara vikatolewa kwa jina lake. Mwaka 2012 walinunua shamba kwa shilingi milioni 4 na hati ya mauziano ikaandikwa kwa jina la mume. Mwezi Mei wanatengana. Mke anaondoka na watoto. Mume anaacha kazi, anabaki Kansay na kuendesha duka.

Sheria inamtambua nani

Baadhi ya wananchi hudhani kuwa mume, kwa kuwa ni mkuu wa kaya, ndiye anayewajibika kwa kodi ya familia nzima. Dhana hiyo ina asili yake. Sheria za kodi ya mapato zilizoletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni zilifuata desturi ya Uingereza ya kuyahesabu mapato ya mke kuwa ni ya mumewe. Kenya iliirithi kanuni hiyo katika kifungu cha 45 cha sheria yake ya kodi ya mapato iliyoanza kutumika mwaka 1974. Chini ya kifungu hicho ilibidi kwanza kujua iwapo mke "anaishi na mumewe" au wametengana kwa amri ya mahakama, kwa makubaliano ya maandishi au katika mazingira yanayoonyesha kuwa hawatarudiana. Uingereza yenyewe iliiacha kanuni hiyo mwezi Aprili 1990. Nchini Marekani wanandoa wanaweza kuwasilisha ritani moja ya pamoja, na wakifanya hivyo kila mmoja anawajibika kwa deni lote. Ndiyo maana mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo lilipanua nafuu kwa mwenza asiyejua kwamba mwenzake alificha mapato.

Migogoro ya Tanzania haina sura hiyo. Mke hadaiwi kodi ya mshahara wa mumewe, na mume hadaiwi kodi ya duka la mkewe kwa sababu tu walifunga ndoa. Viwango vya kodi ya mtu binafsi ni vilevile kwa aliyeoa, aliyeolewa, mtalaka na asiye na mwenza. Hakuna punguzo linalotolewa kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo wazazi waliotengana hawana sababu ya kugombania nani amwandike mtoto katika ritani, ugomvi ambao katika baadhi ya nchi huchukua muda mrefu kuliko hata ule wa nyumba. Kwa mwajiriwa mambo ni mepesi zaidi: kodi hukatwa na mwajiri kila mwezi, mshahara usiozidi shilingi 270,000 hautozwi, na mwenye mapato ya ajira pekee hahitaji kuwasilisha ritani ya mwaka. Kutengana hakumwongezei wala kumpunguzia chochote.

Taabu huanza kwenye vitu viwili: biashara ambayo jina lililosajiliwa silo la anayeiendesha, na mali inayohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Duka lililobaki kwa jina la aliyeondoka

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi huanza Januari na kwisha Desemba. Mfanyabiashara hutakiwa kufanya makadirio ya kodi yake ifikapo mwisho wa mwezi Machi, kisha kulipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayewajibika kuwasilisha ritani ya mapato hufanya hivyo ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani ifikapo Juni 30.

Katika mfano wetu, tuchukulie kuwa mwezi Machi mke alikadiriwa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, akalipa awamu ya kwanza ya shilingi 300,000. Mwezi Mei akaondoka. Mume aliendelea kuuza sukari, unga na mafuta ya taa, lakini hakulipa awamu ya Juni, kwa kuwa aliamini deni si lake. Mwezi Septemba mke anapokea ujumbe wa madai katika simu yake. Anajibu kwamba duka si lake tena. Kwa upande wa familia jibu hilo ni la kweli kabisa. Kwa upande wa sheria ya kodi halitoshi, maana mtu anayefahamika katika rejista ni yeye, na riba ya kodi isiyolipwa kwa wakati hujilimbikiza kila mwezi wakati wawili hao wanabishana.

Njia iliyo wazi kwa mke ni kuandika. Anapaswa kuiarifu ofisi ya TRA inayomhudumia kwamba ameacha kuendesha biashara hiyo, ataje tarehe aliyoacha, na aombe makadirio yake yarekebishwe. Sheria humruhusu mlipakodi kurekebisha makadirio katikati ya mwaka pale hali ya biashara inapobadilika. Halazimiki kusubiri Desemba. Kama duka lilikuwa chanzo chake pekee cha mapato ya biashara, marekebisho hayo yatamwacha na kodi ya miezi aliyofanya biashara tu. Barua hiyo iambatanishwe na ushahidi wowote uliopo: makubaliano ya kutengana, hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, shauri lililofunguliwa mahakamani, au taarifa ya kusitisha leseni iliyopelekwa Halmashauri ya Wilaya. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Nakala hiyo ndiyo itakayomsaidia baadaye kuthibitisha tarehe aliyotoa taarifa.

Mume naye ana wajibu wake. Anayeendesha biashara anatakiwa kuwa na TIN yake na leseni yake. Hawezi kuendelea kutoa risiti za mashine ya EFD iliyosajiliwa kwa jina la mwenza aliyeondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mauzo yanayopita katika mashine hiyo yanaandikwa kwa mwenye jina. Kila risiti anayoitoa inamwongezea mtalaka wake mauzo ambayo hakuyafanya, na mwisho wa mwaka takwimu hizo ndizo zitakazolinganishwa na makadirio.

Kuna upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Wapo wanandoa ambao kwa miaka walifanya biashara kwa jina la mke ilhali mwendeshaji na mpokeaji wa faida alikuwa mume, au kinyume chake, ili mapato yagawanyike na kodi ipungue. Sheria ya Kodi ya Mapato inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kurekebisha hesabu pale mtu anapojaribu kugawa mapato yake na mwingine kwa lengo hilo. Mwenza anayekwenda TRA na kusema "mimi nilikuwa jina tu" anatoa maelezo yanayohusu pia miaka iliyopita. Maelezo hayo, yakiwa ya kweli, yanaweza kumpunguzia mzigo. Lakini yanaweza pia kufungua upya hesabu za wote wawili. Sheria inaruhusu tathmini kurekebishwa ndani ya miaka mitano, na hata zaidi ya hapo palipo na udanganyifu. Ni vyema kupata ushauri kabla ya kutia saini maelezo ya namna hiyo.

Miaka hiyo mitano inahusu pia karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Ndoa ikivunjika, mabuku ya mauzo na stakabadhi za malipo kwa kawaida hubaki katika nyumba ambayo mmoja wao haingii tena. Anayeondoka, kama jina lake ndilo lililo kwenye TIN, akumbuke kuchukua kumbukumbu hizo au nakala zake pamoja na nguo za watoto.

Shamba linapogawanywa

Mali ikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, sheria ya kodi huuliza iwapo aliyeitoa amepata faida. Kwa ardhi na majengo, mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida hiyo, yaani tofauti kati ya thamani ya kuhamisha na gharama aliyoingia kuipata na kuiendeleza mali. Wengi wanajua kwamba kodi hii hulipwa mtu anapouza. Wachache wanajua kwamba inaweza kudaiwa hata pale ambapo hakuna hata shilingi iliyobadilishana mikono, kwa kuwa mali inayotolewa bure au kupewa mtu wa karibu huhesabiwa kana kwamba imeuzwa kwa bei ya soko.

Yapo mambo ambayo sheria imeyaweka nje kabisa. Ardhi ya mtu binafsi ambayo thamani yake sokoni ni chini ya shilingi milioni 10 wakati inapohamishwa, na ambayo imetumika kwa kilimo kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia, haitozwi kodi hii. Mashamba madogo ya vijijini yanaweza kuingia hapo, na kwa wenye mashamba hayo sehemu inayofuata haiwahusu. Nyumba ya kuishi nayo haitozwi iwapo mwenyewe ameimiliki kwa miaka mitatu au zaidi, ameishi humo kwa jumla ya miaka mitatu, mfululizo au kwa vipindi, na faida yake haizidi shilingi milioni 15.

Shamba la mfano wetu sasa lina thamani ya shilingi milioni 18, kwa hiyo limevuka kiwango. Mahakama inaamua, au wenyewe wanakubaliana, kwamba shamba liende kwa mke na duka libaki kwa mume. Mume anahamisha kwa mke mali aliyoinunua kwa milioni 4. Faida inayohesabiwa ni milioni 14 na asilimia 10 yake ni shilingi 1,400,000. Mume huyu amepoteza shamba, hajapokea fedha, na bado anadaiwa.

Hapa ndipo kifungu cha 43 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinapoingia, nacho hakifahamiki kama kinavyostahili. Kinasema kwamba mtu anapohamisha mali kwa mwenza au aliyekuwa mwenza wake kama sehemu ya mgawanyo wa talaka au makubaliano ya kutengana yaliyofanywa kwa nia njema, na huyo anayepokea akichagua kwa maandishi kifungu hicho kitumike, basi aliyetoa atahesabiwa kuwa amepata kiasi kilekile cha gharama yake halisi ya mali hiyo. Faida inakuwa sifuri na kodi haitozwi siku hiyo. Anayepokea naye anahesabiwa kuwa ameipata mali kwa gharama hiyohiyo ya zamani.

Maneno mawili yanahitaji kusomwa polepole. La kwanza ni "kwa maandishi". Nafuu hii haiji yenyewe kwa sababu hakimu ametoa talaka; bila tamko la maandishi kifungu hakitumiki. La pili ni "anayepokea". Anayeokolewa na kodi ni mume anayetoa shamba, lakini mwenye kalamu ni mke anayelipokea. Tena, mke akitia saini anajitwika kitu. Gharama ya shamba mikononi mwake itahesabiwa kuwa milioni 4. Siku atakapoliuza, tuseme kwa milioni 20, faida yake itakuwa milioni 16 na kodi shilingi 1,600,000. Kama asingetia saini, gharama yake ingekuwa ile thamani ya soko ya milioni 18, na kodi ya siku ya kuuza ingekuwa shilingi 200,000 tu. Kodi haikufutwa, imehamia kwake na kuahirishwa.

Watu wawili waliokwisha kugombana kwa mengine wanaweza kugombana kwa hili pia. Mke anaweza kukataa kutia saini kwa hasira, au kwa hesabu nzuri tu. Mume anaweza kudai kwamba mahakama imempa mke shamba "safi" wakati amepewa shamba lenye kodi ndani yake. Kwa maoni yetu, dawa ni kulizungumza suala hilo kabla ya makubaliano kuandikwa, na kuliweka katika makubaliano yenyewe: kwamba anayepokea atachagua kifungu cha 43, na kwamba thamani ya fungu lake imepimwa kwa kuzingatia kodi atakayoilipa baadaye. Shamba la milioni 18 lililobeba kodi ya shilingi 1,400,000 halilingani na fedha taslimu milioni 18, na wakili au msaidizi wa kisheria anayeandaa mgawanyo anapaswa kuliona hilo. Hata hivyo, kama mke hana nia ya kuliuza shamba, bali atalilima na kuwarithisha watoto, tofauti hiyo kwake ni ndogo, na kukubali kwake kunaweza kuwa kitu cha kubadilishana na jambo jingine analolihitaji zaidi.

Kwa ardhi yenye hati iliyosajiliwa, uhamisho hausajiliwi hadi TRA itoe cheti kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Tamko la kifungu cha 43 liwasilishwe wakati huo pamoja na nakala ya hukumu au makubaliano. Kwa ardhi ya kijiji, mabadiliko ya hati ya hakimiliki ya kimila hupitia Halmashauri ya Kijiji. Kupita huko peke yake hakuiondoi hesabu ya kodi kwa shamba lililovuka kiwango.

Deni la kodi mbele ya mahakama ya ndoa

Mgawanyo wa mali ya ndoa unaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Chini ya sheria hiyo, mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango katika kupata mali hiyo. Mke wa mfano wetu, kwa hiyo, ana hoja juu ya shamba lililoandikwa kwa jina la mume, na mume ana hoja juu ya duka lililoandikwa kwa jina la mke.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kifungu hichohicho cha 114 kinaitaka mahakama kuangalia pia madeni ambayo mmoja wao aliyaingia kwa manufaa ya wote wawili. Deni la kodi la duka lililolisha familia na kulipa ada za shule linaweza kuingizwa katika hesabu hiyo. Anayetaka lihesabiwe ni lazima alilete: taarifa ya madeni kutoka TRA, stakabadhi za awamu alizolipa, na maelezo ya matumizi ya mapato. Hakimu hawezi kugawa deni ambalo hakuelezwa kuwa lipo.

Uamuzi wa mahakama juu ya nani abebe deni unawafunga wanandoa wao kwa wao. Haubadilishi jina katika daftari la kodi. Mahakama ikisema mume alipe nusu ya deni la duka, TRA bado itamdai mke mwenye TIN, na mke atakuwa na haki ya kumdai mume nusu hiyo kwa kutekeleza hukumu. Mtu asikae akisubiri mwenzake alipe kwa sababu tu hukumu imesema hivyo. Alipe au aombe kulipa kwa awamu, kisha afuate haki yake.

Vivyo hivyo, makosa ya mlango yanagharimu muda. Mahakama inayosikiliza shauri la talaka, iwe ya Mwanzo au ya Wilaya, haina mamlaka ya kufuta tathmini ya kodi. Mashauri yanayotokana na sheria za kodi huanzia Bodi ya Rufani za Kodi. Nayo Bodi haigawi mali ya ndoa, wala haitasikiliza nani alimwacha nani.

Siku 30 za pingamizi

Anayeona kuwa tathmini aliyotumiwa si sahihi, kwa mfano kwa kuwa inahusu miezi ambayo hakuendesha biashara, ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30 tangu alipofikishiwa tathmini. Pingamizi liwe la maandishi na lieleze sababu. Ili lipokelewe, mlipakodi hutakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi ambacho hakibishaniwi, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo. Kwa tathmini ya shilingi 900,000, theluthi ni shilingi 300,000. Kwa mama aliyeondoka na watoto bila duka wala shamba, hicho si kiasi kidogo. Sheria imeliona hilo: mlipakodi anaweza kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au asamehe malipo hayo ya awali kwa sababu za msingi, na kunyimwa mapato ya biashara husika kwa sababu ya kutengana ni sababu inayofaa kuelezwa kwa kina.

Muda nao unaweza kuongezwa kwa maombi yenye sababu, kama vile ugonjwa au kutokuwapo nchini. Kinachowaangusha waliotengana zaidi ni anwani. Taarifa za TRA hupelekwa kwa mawasiliano yaliyo katika rejista. Kama namba ya simu iliyosajiliwa ni ya mume, au barua pepe ilifunguliwa na kijana wa duka ambaye sasa anafanya kazi kwa mume, mke anaweza kupata habari za tathmini siku ambayo siku 30 zimekwisha. Kubadili namba ya simu na anwani katika rejista kunapaswa kuwa miongoni mwa mambo ya wiki ya kwanza, sambamba na kubadili namba ya siri ya benki.

Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna Mkuu juu ya pingamizi hukata rufaa kwa Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani. Lalamiko lisilohusu usahihi wa kodi bali namna mlipakodi alivyohudumiwa, kwa mfano kucheleweshewa majibu, linaweza kupelekwa Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi.

Siri za mlipakodi, na nyumba yenye LUKU

Mwenza hana haki ya kwenda katika ofisi ya TRA na kuomba ritani au hesabu za mwenzake, hata kama talaka haijatoka. Taarifa za mlipakodi ni siri, na afisa anayezitoa nje ya utaratibu wa sheria anatenda kosa. Anayehitaji kuthibitisha mapato ya mwenzake kwa ajili ya matunzo ya watoto au mgawanyo wa mali aiombe mahakama imwamuru mwenzake kuwasilisha nyaraka hizo. Kumlaumu afisa wa kaunta aliyekataa si haki. Amefanya kazi yake.

Kodi ya majengo huleta mgogoro mdogo lakini wa kila mwezi. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme kwa mita za LUKU, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Kwa sheria anayedaiwa ni mwenye nyumba. Kwa vitendo anayekatwa ni anayenunua umeme. Mke aliyebaki katika nyumba iliyo kwa jina la mume, katika maeneo yanayotozwa kodi hiyo, analipa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa niaba ya mwenye mali. Atunze ujumbe wa simu unaoonyesha makato. Si fedha nyingi, lakini ni ushahidi kwamba ameitunza nyumba, na mahakama hupokea ushahidi wa namna hiyo.

Mwananchi wa Kansay asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, au kwa msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo hupokea mashauri ya ndoa, ardhi na matunzo ya watoto bila malipo. Anayekwenda huko abebe hati ya ndoa au maelezo ya kuishi pamoja, hati ya Baraza la Usuluhishi, cheti cha TIN, na kila barua aliyoandikiwa au aliyoiandikia TRA, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.